Pointi za kadi ya mkopo kwenye matembezi ya familia, naombeni ushauri

Mikorosho40: Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini. Idi Kubwa niliitoa familia hotelini, ufukweni Shangani: chakula, bwawa la kuogelea, michezo ya watoto, muziki. Nikalipa 1,860,000 kwa kadi ya mkopo. Benki yangu inatoa pointi 1 kwa kila sh 1,000, na kwenye burudani zinakuwa 2. Nilitegemea 3,720, zimeingia 1,860. Usingizi sina. Sasa nataka kuwapeleka Kilwa Kisiwani, hela ya gari nimeshatanguliza. Nilipe tena kwa kadi nifikishe 5,000?

KeshiaMstaafu: Mkuu, benki haiangalii mlifanya nini, inaangalia mashine ya malipo imesajiliwa kwa biashara gani. Ile ni ya hoteli. Hata mngecheza sindimba juu ya meza, kwao mmelala. Pointi moja ni shilingi ngapi? Na deni umelimaliza?

Mikorosho40: Pointi ni sh 10. Deni halihusiani na uzi.

BintiMikindani: Karibu milioni mbili kwa siku moja! Sisi tulienda Msimbati na sufuria letu la pilau, watoto wakaoga baharini mpaka macho mekundu. Baba watoto akataka kukodi boti, nikamwambia hiyo ataipanda na mke mwingine.

DauLaKale: Kilwa Kisiwani nenda na taslimu, mwenye dau umlipe mkononi. Watoto waone Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Mimi nilipelekwa darasa la sita, nikatapika njia nzima, magofu nikayaona kwa jicho moja. Mpaka leo mke wangu hunicheka.

KeshiaMstaafu: Narudia. Deni?

Mikorosho40: Haya. Halijalipwa, mwezi wa pili huu, riba asilimia 3 kwa mwezi. Ila haikuwa familia yangu tu, ni ukoo, watu 31. Kila mtu alinipa 60,000 mkononi, mimi nikapitisha kwenye kadi ili pointi zije kwangu. Taslimu nikaziingiza shambani. Minada ya korosho ikianza nafunga deni. Ubaya uko wapi? Pesa moja imefanya kazi mbili.

KeshiaMstaafu: Pointi zako zote ni sh 18,600. Riba ya mwezi mmoja ni 55,800.

WaNgongo: Kazi mbili kweli, zote za benki 😂

MzeeSalfa: Chai hii. Salfa ya ruzuku, dawa ya kupulizia mikorosho, tumegawiwa, hiyo 1.8 imeingia shamba gani?

Mikorosho40: Salfa inajipulizia yenyewe mzee? Mashine ya kukodi, petroli, vibarua, palizi. Njoo uhesabu.

MzeeSalfa: Mwenye kadi ya mkopo aje kuulizia pointi huku kwetu? Weka risiti, la sivyo weka na sukari tunywe.

ShangaziChuno: Risiti ya nini. Watu 31, elfu sitini sitini, Shangani, na pilau likaisha wengine hawajapakuliwa? Si chai hiyo. Mimi nilikuwa wa kumi na tisa kwenye daftari. Tuliambiwa hoteli haipokei kadi ndiyo maana tutoe taslimu. Mwanangu, pokea simu.

Mikorosho40: Shikamoo shangazi. Wasimamizi, naombeni uzi ufungwe.