Naomba ushauri: kimeng'enya kipi kinafaa kulengwa na dawa mpya?

Habari zenu wakuu. Nasomea bayokemia na natakiwa kuchagua mada ya utafiti kuhusu vimeng'enya vinavyotengeneza koenzaimu (molekuli ndogo zinazosaidia vimeng'enya kufanya kazi) ndani ya seli.

Njia ya kuzuia vimeng'enya hivi kwa dawa si ngeni. Dawa ya salfadoksini huzuia kimeng'enya ambacho vimelea vya malaria hukitumia kujitengenezea foleti (vitamini B9), na binadamu hana kimeng'enya hicho kwa sababu foleti huipata kwenye chakula. Hapo ndipo ninapoipendea: dawa inampiga mdudu kwenye kitu ambacho mgonjwa hana.

Nimekwama kati ya mada mbili. Ya kwanza ni koenzaimu A, inayoanzia kwenye vitamini B5. Bakteria na binadamu wote wanaihitaji, ila kimeng'enya cha bakteria cha hatua ya nne ya kuitengeneza hakifanani na chetu. Ya pili ni NAMPT, kimeng'enya kinachosaidia seli kurejeleza NAD, koenzaimu nyingine. Seli nyingi za saratani hukitegemea, lakini vizuizi vyake vilipojaribiwa kwa wagonjwa vilishusha chembe sahani za damu. Hilo linanitia hofu kweli.

Mimi naegemea koenzaimu A. Waliopita huku: kizuizi kikifaulu kwenye kimeng'enya kilichosafishwa halafu kikashindwa kupenya ukuta wa bakteria, mnaanza kurekebisha wapi?