Mjadala: Madge Syers alitengewa uwanja wake, au alitolewa nje?

Wakuu, tubishane kwa hoja.

Mwaka 1902 mashindano ya dunia ya kuteleza kwenye barafu yalifanyika London, na Mwingereza Madge Syers akajiandikisha. Kanuni hazikumkataza mwanamke, maana hakuna aliyewaza kwamba angetokea. Washindani walikuwa wanne. Ulrich Salchow wa Sweden akawa wa kwanza, Syers wa pili, wanaume wawili wakabaki nyuma yake. Mwaka 1903 chama cha kimataifa cha mchezo huo kikawapiga marufuku wanawake. Sababu zao: sketi ndefu inaficha miguu, jaji anaweza kumpendelea msichana wake, na eti ni vigumu kumlinganisha mwanamke na mwanaume.

Hiyo ya pili inanichekesha. Mwenye tamaa ni jaji, anayefungiwa ni msichana!

Na ya sketi je? Sehemu kubwa ya alama enzi hizo ilitokana na kuchora maumbo. Unachora nane kwa chuma cha kiatu, unapita tena juu ya mstari uleule, kisha majaji wanainama kuukagua. Sketi inaondoka na mwenyewe, mstari unabaki pale kwenye barafu. Tena Syers alifikia kuvaa sketi inayoishia katikati ya muundi. Kilichofichwa ni nini?

— Mleta mada, umesimulia nusu. Mwaka 1906 wanawake walianzishiwa mashindano yao huko Davos, akashinda. 1907 Vienna, akashinda tena. Olimpiki ya London 1908 akabeba dhahabu, na shaba juu yake, akicheza na mumewe Edgar. Angeng'ang'ania kwa kina Salchow angeambulia nini? Yule bwana alitwaa ubingwa wa dunia mara 10!

— Mkuu, umejuaje kwamba asingemfikia? Ubingwa wa Uingereza wa 1903 aliuchukua mbele ya wanaume. 1904 akautetea, na aliyeshindwa safari hiyo ni huyohuyo Edgar. Sijui chakula cha jioni kilikuwaje siku hiyo. Na hayo ya Davos hayakuitwa hata ya dunia wakati ule, jina hilo walipewa baadaye.

— Mimi naangalia waliokuja nyuma yake. Bila kundi la wanawake, wasichana wangapi wangepata nafasi? Mmoja hodari kupenya si sawa na mlango kuwa wazi.

Mleta mada tena: hapo nakubali, kundi lao limewafaa wengi. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba lilianzishwa kwa huruma. Walimfungia kwanza, uwanja wake ukaja miaka mitatu baadaye. Mwenyewe alifariki 1917 akiwa na miaka 35 tu. Nijibuni hili: angemaliza wa nne mwaka ule wa 1902, kanuni ingebadilishwa?

— Wa nne? Wangempigia makofi na kumwambia karibu tena mwakani.