Mrejesho: gari la spoti lililokuwa likisita nikikanyaga mafuta

Ndugu zangu, niliwaulizia gari langu la zamani la spoti lenye tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), ambalo lilitembea vizuri mjini Nakuru lakini likasita kila nilipokanyaga mafuta hadi mwisho, hasa nikipanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit. Nashukuru kwa dhati kwa majibu yenu.

Plagi mpya zenye mwanya mdogo wa cheche zilipunguza tatizo kidogo tu, na kusafisha sensa ya hewa hakukubadilisha chochote. Kilichofaa ni ushauri wa kupima shinikizo la petroli gari likiwa linavuta, si likiwa limesimama: fundi alibandika geji kwa utepe nje ya kioo cha mbele, tukapanda mlima, na mshale ukashuka pale pale ulipopaswa kupanda pamoja na shinikizo la tabo. Filta ya petroli ilipofunguliwa yalitoka mafuta meusi yenye chembechembe za kutu. Tumebadilisha filta na pampu, na sasa injini inavuta bila kukatika.

Bado inatikisika kidogo asubuhi ikiwa baridi. Fundi anashuku bomba la mpira la hewa lililopasuka, nasi tunalitafuta. Aliyenishauri nisinunue koili (zinazozipa plagi umeme) kabla ya kupima, asante sana.