Siku MV Bukoba inazama ulikuwa wapi? Tupeane kumbukumbu, hasa wa Kagera na Mwanza

#1
Habari zenu wakuu. Jumanne ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya abiria MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikitoka Bukoba kwenda Mwanza. Naomba kila mwenye umri wa kuikumbuka atuandikie alikuwa wapi, habari ilimfikiaje na nyumbani kwao kilifuata nini. Mambo ya nani alaumiwe yameandikwa sana, tunajua meli uwezo wake ulikuwa abiria 430 na orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443, daraja la tatu halikuwa na orodha, idadi ya waliokufa inayotajwa siku zote ni 894 na wengi tunaamini walizidi. Hayo tuyaache kwanza. Nataka ya majumbani, maana wazee waliosimama gatini siku zile wanaondoka mmoja mmoja na hakuna aliyewauliza.

Naanza mimi. Nilikuwa Dar, Magomeni, darasa la sita, tumerudi mchana kula. Bamdogo alikuwa uani ananyoa ndevu huku redio iko dirishani, RTD wakatoa taarifa kwamba MV Bukoba imezama ikikaribia Mwanza. Akatoka vile vile na povu shavuni mpaka nyumba ya tatu kwa jirani yetu Muhaya, maana tulijua mdogo wake yuko njiani anakuja. Baadae redio ikawa ni nyimbo za maombolezo tu. Mkapa alikuwa hata mwaka hajamaliza Ikulu, akatangaza siku tatu za maombolezo, na ile nyumba ya tatu watoto wa mtaa mzima tulikatazwa kupita tukipiga kelele. Mdogo wake hakupatikana akiwa hai.

#2
Asante mkuu kwa kuuliza. Mimi nilikuwa Bukoba mjini, kidato cha pili. Jumatatu jioni tulimsindikiza mama mkubwa gatini, alikuwa anampeleka binamu yangu shule ya bweni huko Tabora. Enzi hizo kusindikiza meli ni kama sherehe, mji mzima unashuka ziwani, wenye wageni na wasio na wageni. Nakumbuka tranka la binamu, la bati la bluu, baba ndo alilibeba begani mpaka kwenye ngazi akarudi anafuta jasho anacheka.

Kesho yake habari ilifika mjini kabla ya redio, sijui ilianzia kwa nani, nadhani kwa watu wa simu ya upepo pale bandarini. Shule hakuna aliyeruhusiwa kutoka ila tulitoka tu, na walimu nao walitoka. Gatini watu walijaa kuliko jana yake. Wakaanza kusoma majina ya daraja la kwanza na la pili. Sasa fikiria, ambao ndugu zao walikata daraja la tatu wanasikiliza orodha mpaka mwisho wakijua kabisa jina haliwezi kuwemo, na bado hawaondoki, wanaomba isomwe tena!

Mama mkubwa alizikwa nyumbani. Binamu yangu walimtambua kwa shati la shule, wanafunzi wa bweni mnajua tunavyoandika majina kwenye nguo zisiibwe, lake lilikuwa limeandikwa kwa maka peni ndani ya kola. Mwandiko ni wangu, mimi ndo niliyemuandikia Jumapili.

#3
Pole sana mkuu wa hapo juu. Nilikuwa Mwanza, Kirumba, nafanya kazi dukani kwa mtu. Asubuhi ile tuliona watu wanakimbilia ziwani tukafunga duka. Kaka yangu alikuwa na mtumbwi wa injini akaenda na wenzake kusaidia, alirudi usiku hakuongea na mtu, kesho yake akaenda tena.

Alichokuja kutusimulia baada ya muda mrefu ni hiki. Meli ilikuwa imepinduka lakini bado inaelea tumbo juu, na ndani walikuwa wanasikika watu wanagonga bodi. Watu wakawa wanajibu kwa kugonga toka nje, ili wale wa ndani wajue kuna watu. Baadae meli ikatobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, meli ikashuka. Kaka mpaka leo ukigonga mlango kwa nguvu anasimama. Naandika hili kwa uzito wake, sio kulaumu waliotoboa, naamini walitaka kuokoa, ila wapiga mbizi wenye vifaa walitoka mbali, hadi Afrika Kusini, na wakati wanafika ilikuwa ni kutoa miili tu.

Mjini maseremala wote walihamia kwenye majeneza, usiku kucha unasikia nyundo. Na samaki hakuna aliyekula. Sato na sangara vililala mwaloni bila mnunuzi, mama ntilie wakapika maharage na dagaa pia watu wakakataa. Ilichukua muda mrefu mno kwetu samaki kurudi mezani, na mama yangu hakumrudia kabisa.

#4
Nilikuwa Chuo Kikuu cha Dar, Mlimani, mwaka wa pili. Wa Kagera tulikuwa wengi, tulikusanyika kwenye hosteli moja yenye redio nzuri tukasikiliza mpaka BBC usiku. Foleni ya simu ilikuwa ndefu na ukifika laini za Bukoba hazishiki. Nilipata nyumbani siku ya tatu, kwa jirani mwenye simu, akaniambia "kwenu wote wazima ila njoo", na hilo "ila njoo" nililielewa.

Niliogopa kupita ziwani hivyo nilienda na basi kupitia Nairobi na Kampala hadi mpakani Mutukula. Vijana wa sasa mnaoenda Bukoba kwa lami ndani ya nchi hamtaamini, ilikuwa ni rahisi kwenda kwenu kupitia nchi mbili za watu. Basi lote lilikuwa la wafiwa. Mpaka Mutukula hakuna aliyemuuliza mwenzake anaenda wapi, tulikuwa tunaulizana tu "wangapi kwenu?"

#5
Mimi nina ya daraja la tatu. Baba alikuwa mfanyabiashara wa ndizi, anakusanya mikungu anapakilia bandari ya Kemondo anaenda kuuza Mwanza, kila wiki ni hivyo. Jina lake halikuwa popote. Mwili haukupatikana. Nilikuwa na miaka 9.

Shida ikawa mama. Bibi mzaa baba alikataa kabisa turubai la msiba lisifungwe, alisema mwanangu anajua kuogelea, atakuwa kisiwani kwa wavuvi. Shehe wa mtaa alikuja zaidi ya mara moja kumueleza mama habari ya eda na mama anamjibu nitakaaje eda ya mtu aliyeaga anarudi Alhamisi. Walikuja mpaka wenzake baba wa Kemondo wakaapa walimuona akipanda, ndo mama akakubali. Baadae kwenye kufuatilia cheti cha kifo, ofisi moja ikamwambia alete ushahidi kwamba mume wake alikuwa kwenye meli. Tiketi angeitoa wapi, si alikuwa nayo baba mfukoni? Alizungushwa hadi akaacha. Kwa hiyo wakisema 894 mimi kila mara najiuliza kama baba yangu yumo humo. Nawaombeni mnaoandika historia msiandike idadi hiyo bila kutaja kwamba kuna watu hawakuwahi kuandikwa.

#6
Mimi sikuwepo, nimezaliwa 1997, nimepewa jina la shangazi aliyeondoka na ile meli. Nyumbani wakiniita kuna wazee bado wanatulia kidogo kwanza.

#7
Naongezea ya Ukerewe kwa sababu kwetu ziliungana. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere inapinduka karibu na Ukara nilikuwa Mwanza kazini, habari nimeipata kwa WhatsApp na picha juu, kivuko kimegeuka tumbo juu. Zaidi ya watu 200 walikufa. Nikampigia mama Nansio, kitu cha kwanza alichosema sio nani kafa, alisema "waambie wasitoboe". Yeye 1996 alipoteza kaka. Na Jumamosi yake, siku mbili baadae, fundi wa injini akatolewa mle ndani akiwa hai, alikuwa amepata sehemu yenye hewa. Mama alilia kuliko alivyolia Alhamisi, nadhani alikuwa anamlilia kaka yake.

#8
Wakuu nimesoma zote, zingine nimesoma nikasimama kwanza. Wa #5, pole sana ndugu yangu. Wale wenzake baba walioapa kumuona akipanda, kama yupo aliye hai tafadhali muandikishe maneno yake, hata kwa kumrekodi kwenye simu, huo ndo ushahidi uliobaki.

Wa Mwanza, kila 21 Mei pale makaburini Igoma huwa kuna ibada, kuna mwenye ndugu aliyezikwa pale bila kutambuliwa? Mnajuaje pa kusimama? Na wa Kemondo mbona hamjaandika hata mmoja, meli ilisimama kwenu usiku ule ikapakia watu na ndizi, mliobaki gatini mnakumbuka nini?