Kuhifadhi grafu inayobadilika bila kujaza diski

Kasri_09:
Wakuu, nina grafu ya vifaa vya mtandao: nodi (vifaa) milioni 4, viungo (miunganisho kati ya vifaa) milioni 50, mabadiliko kama 200,000 kwa siku. Maswali mengi ni ya hali ya sasa, ila mengine huuliza nodi fulani ilikuwa na majirani gani (nodi zilizounganishwa nayo) tarehe fulani. Kwa sasa kila usiku natoa nakala ya grafu nzima, baiti 16 kwa kiungo. Hiyo ni MB 800 kwa siku, GB 292 kwa mwaka, na cha mchana hakionekani. Natumia RocksDB, hifadhidata ya jozi za ufunguo na thamani inayopanga funguo kwa mfuatano wa baiti zake. Nipange vipi?

Fundi_Baiti:
Mabadiliko yako hayafiki hata 0.5% ya viungo kwa siku, lakini unaviandika vyote upya. Andika tukio tu. Ufunguo: nodi baiti 8, mwelekeo 1, aina ya kiungo 2, wakati 8, jirani 8. Jumla 27, na thamani ya baiti 1: kimeongezwa au kimeondolewa. Kila tukio liandike mara mbili, upande wa kutoka na wa kuingia, la sivyo kutafuta wanaoielekea nodi kutapekua diski nzima. Baiti 56 mara 200,000 ni MB 11.2 kwa siku, kama GB 4.1 kwa mwaka kabla ya kubana.

Wakati uugeuze: toa kwenye 2^64−1, ili jipya litangulie. Na namba zianze na baiti ya thamani kubwa. Ukiziandika jinsi kichakataji cha x86 kinavyozihifadhi, 256 itapangwa kabla ya 1, na hutaona kosa lolote, utaona majibu ya ajabu tu.

Hali ya sasa iwe na sehemu yake pembeni, iandikwe pamoja na tukio ndani ya WriteBatch moja (kundi la maandishi ambalo RocksDB huliandika kwa pamoja). Umeme ukikatika katikati, zote mbili zinakuwepo au zote hazipo.

mzee_wa_faharasa:
Sawa, ila nodi yenye matukio milioni moja utaisoma yote kujua hali ya mwezi uliopita? Weka vituo: orodha kamili ya majirani wa *nodi hiyo* kwa wakati fulani. Ukiulizwa wakati T, anza kwenye T, soma kurudi nyuma mpaka kituo cha karibu. Kwa kila jirani, tukio la kwanza unalokutana nalo ndilo la mwisho kutokea, kwa hiyo ndilo jibu lake; majirani ambao hukukutana nao, chukua kwenye kituo.

Usiweke kituo kila matukio 1,000 kwa nodi zote. Nodi yenye majirani milioni moja ina orodha ya MB 8, yaani KB 8 kwa kila badiliko la baiti 28! Subiri matukio yafikie idadi ya majirani, na yasipungue 1,000. Orodha ipange kwa namba, uhifadhi tofauti kati ya jirani na anayefuata badala ya namba nzima. Kisha ubane kwa zstd (njia ya kubana data) kwenye ngazi ya chini kabisa ya mafaili ya RocksDB, penye data ya zamani.

Kasri_09:
Shukrani. Baadhi ya vifaa huleta taarifa zikiwa zimechelewa hata saa 6. Itavuruga?

mzee_wa_faharasa:
Itavuruga vituo. Tukio la saa 4 likija baada ya kituo cha saa 8, kituo hicho tayari ni cha uongo. Futa vituo vya nodi hiyo vilivyo baada ya wakati wa tukio, na vya nodi ya upande wa pili pia. Au usiweke kituo chenye umri chini ya saa 6. Hii ni rahisi zaidi. Sehemu ya hali ya sasa nayo hifadhi wakati wa badiliko la mwisho, usije ukaruhusu taarifa kuukuu ifute mpya.

Fundi_Baiti:
Na wakati uwe wa mikrosekunde. Kiungo kikikatika na kurudi ndani ya milisekunde moja, funguo zinafanana na tukio la pili linafuta la kwanza. Kama saa za vifaa vyako si makini hivyo, ongeza namba ya mfuatano ya baiti 2 baada ya wakati.