Nimeuziwa tela la kambi kwa uzito wa tela tupu, nusura lituue kwenye mlima Kitonga

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nina Toyota HiAce ya zamani yenye injini ya dizeli iitwayo 3L (hilo ni jina tu, ujazo wake ni lita 2.8), isiyo na turbo, ambayo hata ilipokuwa mpya nguvu zake zilikuwa kama farasi 90 tu. Nilimweleza muuzaji yote hayo kabla sijatoa shilingi, naye akanihakikishia kwamba tela lake dogo la kupigia kambi lina kilo 550 na gari langu litalivuta bila shida.

Hizo kilo 550 ni za tela tupu. Niliporudi Morogoro nikalipima kwenye mizani likiwa na mzigo ule ule wa safari, yaani tangi la maji la lita 100 limejaa, mtungi wa gesi, betri, hema na vyombo, nikakuta kilo 860. Tena tangi amelifunga nyuma ya ekseli, kwa hiyo maji yanainua pua ya tela, ilhali karibu asilimia 10 ya uzito wote inapaswa kulalia ndoano ya gari. Ndiyo maana tulipoipita Mikumi, nikiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, tela lilianza kuyumba mkia hadi usukani ukawa unaninyang'anya mikono, na wanangu wawili wamekaa kiti cha nyuma.

Kitonga nilipanda kwa gia ya pili, na kabla ya kumaliza kona mshale wa joto ukagusa nyekundu. Hilo ningelivumilia, kwani gari la zamani lina mipaka yake.

Nisichoweza kusamehe ni breki. Tela halina breki zake lenyewe, na wakati wa kurudi, kwenye mteremko ule ule, pedali ilizama karibu na sakafu huku magurudumu ya mbele yakifuka moshi. Uingereza tela linalozidi kilo 750 pamoja na mzigo ni lazima liwe na breki zake. Huyu hakunitajia hata neno.

Nimempigia simu, akajibu kuwa tatizo ni uzee wa gari langu, gari ambalo yeye mwenyewe alilikagua, akalifunga ndoano na kupokea fedha. Ahamishe tangi na kufunga breki kwa gharama zake, au anirudishie fedha zangu zote. Tela liko uani kwangu, limewekewa mawe chini ya magurudumu, na halitoki hapo likiwa hivyo lilivyo.