Tupeane uzoefu: "shop", "store" na "mall", neno lipi lilikuponza?

Ndugu wanajamvi, naanza na langu. Nilikuwa nikitafsiri tangazo la Kimarekani lililosema kuwa bidhaa inapatikana "in stores", na kwa kuwa stoo kwetu wasema Kiswahili ni chumba cha kuhifadhia vitu, niliandika bila wasiwasi kwamba inapatikana katika maghala. Mhariri akaniuliza mteja atapewa ufunguo na nani. Ndipo nilipojua kwamba Mmarekani huita "store" karibu duka lolote, ilhali Mwingereza husema "shop" na mara nyingi huiweka "store" kwa duka kubwa. Stoo yetu imebaki na ile maana kongwe ya kuhifadhi.

Mleta mada, mimi niliponzwa na hiyo "shop". Mfanyakazi mwenzangu Mmarekani alisema gari lake liko "in the shop", nami nikadhani ameamua kuliuza, nikamuuliza bei na hata kuanza kuomba apunguze. Kumbe lilikuwa gereji! Kwao "shop" ni karakana pia, na mwanafunzi anayesoma somo la jina hilo hafundishwi biashara bali useremala na ufundi wa vyuma.

Kinachonikera mimi ni kuita kila jengo kubwa "mall". Supamaketi ni duka moja ambamo mteja hujichukulia bidhaa mwenyewe, utaratibu ulioanzishwa na duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, mwaka 1916. "Mall" ni mkusanyiko wa maduka ya wafanyabiashara mbalimbali, kama Southdale ya Minnesota, iliyofunguliwa mwaka 1956 ikiwa na maduka yote chini ya paa moja. Niliwahi kumwelekeza mgeni tukutane "at the mall", nikikusudia supamaketi iliyomo ndani yake. Tulizunguka saa nzima, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kuchelewa. Na "department store" msiichanganye humo, maana vitengo ni vingi lakini mwenye duka ni mmoja.

Mleta mada narudi. Baada ya aibu ile nilipekua kamusi za asili ya maneno, nikakuta kwamba "boutique", neno wanaloliringia wauza mavazi ya kifahari, lilipitia Kifaransa likitokea neno la Kigiriki lenye maana ya ghala. Mhariri nimeshamwandikia.